Kipande cha Nyumba Mbili

Kabla ya kuona chochote, Ladina alisikia sururu. Ilipiga mara mbili, ikanyamaza. Ikapiga tena mara mbili, ikanyamaza. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeifunika barabara yote ya mlimani, hata gurudumu la mbele la baiskeli yake aliliona kwa taabu, lakini masikio hayahitaji mwanga. Chuma kilikuwa kinauma changarawe juu kidogo ya daraja dogo, na katika kijiji kizima cha Arduna palikuwa na mtu mmoja tu aliyepiga sururu kwa mwendo ule: mara mbili, halafu anapumzisha bega lililowahi kubanwa na ng'ombe kwenye ukuta wa zizi.

Alishuka kwenye baiskeli. Chepe alilolifunga kwenye fremu likagonga kanyagio, na kule mbele sururu ikanyamaza kabisa.

Kwa hiyo amekuja. Majira yote ya baridi Ladina alijiambia kwamba mzee Balzer Cadosch hatathubutu. Atajifanya mgonjwa, au atamtuma mpwa wake, au atajifungia ndani kama alivyojifungia tangu siku ya mazishi ya Riet, aliposimama nje ya ukuta wa makaburi, kofia mkononi, asiingie wala asiondoke. Sasa huyu hapa, ametangulia, anachimba.

Kila mwaka theluji ikishayeyuka, Arduna hutoka nyumba kwa nyumba kuitengeneza barabara ya juu. Hakuna anayelipwa. Barabara imegawanywa vipande kutoka kijijini mpaka ziwani, na kila kipande ni cha nyumba mbili, zilezile tangu enzi za mababu. Kipande cha kuanzia daraja dogo mpaka Kona ya Msonobari ni cha nyumba ya Tönz na nyumba ya Cadosch. Jioni, kazi ikiisha, mkuu wa barabara, siku hizi Mengia Rauch, huteremka kwa miguu kutoka ziwani, husimama kwenye kila kipande na kuuliza swali moja: "Njia iko salama?" Nyumba mbili hujibu kwa pamoja, "Iko salama," kisha huungana naye kushuka. Nyumba moja isipojibu, kipande hakipokelewi. Na kipande kimoja kisipopokelewa, barabara nzima hufungwa mpaka mwaka unaofuata: ng'ombe hawapandi malishoni, baiskeli hazipiti. Hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuliona jambo hilo likitokea.

Ladina alikuwa amekuja ili litokee. Angefanya kazi, angezibua mitaro, angesambaza changarawe vizuri kuliko mwanamume yeyote, na jioni angefunga mdomo. Hakuwa amemwambia mtu, hata mama yake.

Riet, mdogo wake, ndiye aliyeifanya barabara hii ijulikane. Handaki la magari lilipochimbwa kule bondeni, barabara ya zamani iliachiwa ng'ombe na wakata kuni, na watu wakaanza kuisahau. Riet akaipenda jinsi wengine wanavyopenda mwanamke. Akaiunganisha na vijia vya malisho na vya msituni, kimoja baada ya kingine, mpaka ikawezekana mtu kupanda baiskeli yake Arduna asubuhi, akafika ziwani, akazunguka ng'ambo na kurudi bila kusikia injini hata moja. Maji, kengele za ng'ombe, na changarawe inayotafunwa na magurudumu, basi. Watu wakaanza kuja kutoka mbali kuutafuta ukimya huo. Nyumba ya wageni iliyokuwa mbioni kufungwa ikajaa. Jibini la Arduna likawa linaisha kabla ya Krismasi. Katika banda la nyasi la marehemu baba yao, Riet na Ladina walifungua karakana ya baiskeli, na Riet akaupaka mlango wake rangi nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho, ili mgeni aliyechelewa auone hata kwenye ukungu. Sasa mlango ule ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Ladina.

Mwisho wa Septemba iliyopita, mchungaji wa ng'ombe aliyekuwa juu malishoni alipiga simu kwamba theluji inakuja mapema. Ng'ombe walikuwa hawajafikia siku yao ya kushushwa. Balzer akapanda mpaka Kona ya Msonobari, akatandaza waya kukatiza barabara, kutoka kwenye kulabu iliyopigiliwa katika mti mpaka kwenye nguzo ya upande wa pili, ili ng'ombe wakiteremka kwa kasi wageuzwe kwenye uwanda wa kupumzikia, wasiende moja kwa moja korongoni. Ndivyo alivyofanya baba yake, na babu yake alitumia kamba. Waya haukuwa na kitambaa wala alama, maana Arduna haikuhitaji alama. Jioni ya kuamkia siku ya kushusha ng'ombe kengele ya kanisa hulia, na kila mtu anajua kwamba kesho waya uko konani.

Safari hiyo kengele haikulia. Hapakuwa na muda. Balzer akakata njia ya mkato msituni kuwafuata ng'ombe, na wakati huohuo Riet alikuwa anateremka kwa barabara kutoka ziwani, akiwa na mkoba uliojaa vibao vya njia alivyoving'oa ili theluji isivivunje. Ukungu ulikuwa kama huu wa leo, na waya hakuuona.

Waliotumwa kutoka mjini walikuja, wakapima, wakapiga picha, wakasema ni ajali. Kijiji kikalipokea neno hilo kwa mikono miwili, kikalibeba kila mahali. Ajali. Lilikuwa neno laini mno kwa Ladina. Lilikuwa kama blanketi lililotandikwa juu ya jiwe, na yeye ndiye aliyelalia jiwe hilo kila siku.

"Umewahi," alisema, kwa sababu kunyamaza kungeonekana ni woga.

Balzer hakuinua uso. "Bega halijui haraka. Nikianza na wenzangu, nitamaliza na popo."

Zamani angemcheka. Wakati ule alikuwa mjomba Balzer, aliyewafundisha yeye na Riet kukamua ng'ombe, huku akiwarushia maziwa usoni. Ladina alifungua chepe lake, akaenda mwisho mwingine wa kipande, mbali na mzee kadiri kipande kilivyoruhusu.

Walifanya kazi. Mitaro ya mbao inayokatiza barabara ilikuwa imejaa matope na sindano za misonobari. Aliizibua mmoja mmoja, akisikia maji yakipata njia na kuanza kuzungumza. Palipomomonyoka alipanga mawe, juu yake kokoto, juu ya kokoto changarawe laini, akiinamisha kingo ili mvua ikinyesha iteleze pembeni isichimbe katikati. Riet alimfundisha kuikagua kazi hiyo kwa kulala kifudifudi, shavu likigusa barabara, na kuangalia mwinuko kwa jicho moja. Hakulala kifudifudi. Alihofia kwamba akilala hataamka.

Kutoka vipande vya juu sauti zilipenya ukungu. Mtu alikuwa anamtania Jachen, mwenye nyumba ya wageni, akimuuliza kama anasukuma toroli au toroli ndiyo inayomsukuma. Mke wa Jachen akajibu kwamba nyumbani pia ni hivyohivyo, na kicheko kikateremka mlima. Kisha Jachen mwenyewe akapaza sauti:

"Nyie wa konani, mko hai? Mbona kimya hivyo kama..."

Hakumaliza. Ladina alisikia wazi jinsi alivyonyamazishwa, pengine kwa kiwiko cha mbavu.

Mchana walikaa juu ya ukingo wa daraja, kila mtu mwisho wake. Desturi ya kipande hiki ni kwamba nyumba ya Tönz huleta keki ya kokwa za jozi na nyumba ya Cadosch huleta kahawa. Ladina hakuwa ameoka chochote. Lakini alipofungua kifurushi alichofungiwa na mama yake, chini ya mkate mweusi na nyama kavu alikuta vipande viwili vya keki, kila kimoja na leso yake safi, iliyopigwa pasi. Damu ilimpanda. Mama yake, bi Chatrina, ambaye nyonga zilimfunga dirishani mwaka mzima, ambaye hakuwa ametamka jina la Balzer tangu Septemba, alikuwa ameamka alfajiri, akajishika meza kwa meza, akaoka kwa ajili ya watu wawili.

Aliwaza kukitupa kipande kimoja majini. Mkono ulikataa. Alikiweka juu ya jiwe lililokuwa kati yao, akasema, "Ni cha mama. Si changu."

Balzer akakichukua kwa mikono miwili. Hakukila. Alikishika tu, leso na keki, kama mtu aliyepewa kifaranga akishikilie. Kisha akamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa, akakisukuma kuelekea kwa Ladina.

"Nauza ng'ombe," alisema akiangalia maji. "Wote. Yuko mtu wa bonde la pili, anawachukua kabla ya siku ya kupanda. Nilitaka ulisikie kwangu, lisikufikie kwa Jachen."

Ladina alitafuta furaha ndani yake, hakuiona. Alikunywa kahawa. Ilikuwa na sukari nyingi, jinsi alivyokuwa anaipenda utotoni, na hilo likamkasirisha kuliko yote.

Alasiri ukungu ulichanika. Kwanza vilele vilijitokeza, vyeupe, vimetulia, kisha misitu, kisha bonde lote mpaka paa la kanisa. Ladina alikuwa amefika konani na reki yake bila kutambua, na mbele yake korongo lilifunguka ghafla kama mdomo. Msonobari ulisimama palepale. Kifuani mwa mti, kwenye kimo cha mtu aliyepanda baiskeli, ile kulabu ya chuma bado ilikuwepo, imemezwa nusu na gome.

Alikuwa ameiwaza kubwa. Ilikuwa ndogo, kama ya kutundikia koti.

"Sijaing'oa," alisema Balzer nyuma yake. Alikuwa amekuja polepole, sururu begani. "Nimepanda hapa na nyundo mara nyingi. Nikiigusa nawaona ng'ombe wa baba. Mwaka ule mimi ni kijana, bado tunatumia kamba ya babu, nayo ikakatika hapahapa. Walitumbukia mmoja nyuma ya mwingine, maana ng'ombe humfuata mwenzake. Tulisimama tunasikiliza kengele zinavyokwenda chini. Zilikwenda, zilikwenda. Kwa hiyo siwezi kuing'oa, na siwezi kuiacha."

"Ulijua barabara ina watu."

"Nilijua barabara ina sisi." Alisema bila kujitetea, kama anayesoma kitu kilichoandikwa juu ya jiwe. "Wageni walikwishaondoka. Nikasema, waliobaki ni sisi, na sisi tukinusa theluji tunarudi nyumbani. Riet alikuwa mmoja wetu, Ladi. Sikumhesabu kama mtu anayeweza kuumia. Nilimhesabu kama mtu anayejua."

Hakuna aliyekuwa amemwita Ladi tangu kifo cha Riet.

Alikumbuka mkutano wa kijiji wa miaka miwili nyuma. Riet alisimama, masikio yake mekundu, akaomba pawekwe geti la mbao hapa konani badala ya waya, kitu cha kuonekana, cha kufunguliwa na kufungwa. Jachen akasema Riet anataka ng'ombe wawe wanabisha hodi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kwa nini geti, wakati kila mtu anaijua siku ya waya? Yeye mwenyewe, Ladina, aliyekaa karibu na mama yake, alicheka mpaka akajifuta machozi, kwa sababu Riet alikuwa anachekesha akikasirika. Riet akakaa chini, akacheka na yeye.

"Mimi nilicheka zaidi ya wote," alisema Balzer, kana kwamba walikuwa wanatazama picha moja. "Na mwaka jana tulisimama hapa, mimi na yeye, tukamjibu Mengia kwamba iko salama. Miaka yote nimelisema neno lile kama salamu, sijui hata nasema nini. Leo sitalisema."

"Nini?"

"Mengia akija kuuliza, sijibu. Wacha barabara ifungwe."

Ladina aligeuka. Kilichompanda kifuani hakikuwa nafuu. Kilikuwa hasira ya mtu aliyeibiwa mlangoni kwake. Miezi yote ya theluji alikuwa ameulea ukimya huo, akaunoa, akaulisha, akaubeba mpaka huku juu ili amtupie mzee huyu mbele ya kijiji kizima. Sasa mzee ameunyoosha mkono, ameuchukua.

"Huo si wako," alisema. "Mimi ndiye niliyekuja kunyamaza. Hilo ni langu. Huwezi kunichukulia na hilo."

Balzer alimwangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyesahau namna ya kulala.

"Basi tunyamaze wote," alisema kwa upole. "Yatakuwa makubaliano yetu ya kwanza tangu Septemba."

Akarudi mtaroni. Ladina akasikia sururu: mara mbili, pumziko. Mara mbili, pumziko.

Alibaki konani. Barabara ilikuwa imelala mbele yake, safi, imenyooshwa na mikono yao wawili, ya kijivu kama mgongo wa samaki. Akaona itakavyokuwa. Mwaka mmoja bila kwato wala magurudumu, na nyasi zitaingia kutoka pembeni. Mitaro itaziba. Miaka mitatu, na hakuna atakayejua njia ilipita wapi. Ukimya utakuwepo, ndiyo, lakini si ule ambao Riet aliwaitia watu waje kuusikia. Utakuwa wa kaburi la pili. Na kulabu itabaki pale kwenye mti, inamezwa na gome taratibu, bila mtu wa kuikumbuka.

Alishusha reki. Akalala kifudifudi, shavu likigusa changarawe baridi, akafumba jicho moja kama alivyofundishwa. Mwinuko ulikuwa sawa. Maji yangeteleza. Kutoka chini huko barabara ilionekana kubwa, inapanda, inafika konani, halafu haionyeshi chochote. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Mtu anayeteremka haonyeshwi chochote. Machozi yalitoka kimyakimya, yakalowesha kipande kidogo cha barabara, na alipoinuka alikuwa na alama za kokoto shavuni.

Jua lilipokuwa limeegemea vilele, Mengia Rauch, mkuu wa barabara, aliteremka na fimbo yake yenye ncha ya chuma. Nyuma yake walikuja wote waliokwisha kujibu: Jachen na mkewe, watu wa msituni, watu wa ziwani, zana mabegani, buti zimejaa tope. Walipofika konani walisimama kwa umbali kidogo, kama watu wanaosubiri jeneza litoke.

Balzer alisimama upande wake wa barabara, Ladina upande wake.

"Njia iko salama?" Mengia aliuliza.

Maji yalisikika mtaroni. Jachen alikohoa. Mengia alikuwa mwanamke mkavu, asiyependa kurudia, lakini safari hii alishusha fimbo, akashusha na sauti.

"Balzer. Ladina. Nawauliza."

"Haiko salama," alisema Balzer.

Minong'ono ikapita katika kundi. Kunyamaza walikuwa wamewahi kukusikia katika hadithi za babu zao. Jibu hili hapakuwa na hadithi iliyolitaja. Mengia akauliza mtaro gani ni mbovu. Balzer akasema mitaro yote ni mizima, binti ameifanya kazi vizuri kuliko yeye. Akainua mkono wenye bega bovu, kwa maumivu yaliyoonekana, akaionyesha kulabu. Macho yote yakaenda mtini, kisha yakatafuta mahali pengine pa kukaa. Jachen aliangalia buti zake.

"Na nyumba ya Tönz?" Mengia aliuliza. "Inasemaje?"

Ladina alikuwa na ukimya wake mdomoni, tayari. Alikuwa anasubiriwa na watu wote aliotaka wamsubiri. Aliugeuza ulimini, akaona umekuwa mwepesi, hauna ladha tena.

"Bado," alisema.

"Bado si jibu, mwanangu."

"Ndilo nililo nalo, mama Mengia."

Akauvua uzi shingoni. Ufunguo ulikuwa na joto la mwili wake. Akavuka barabara, hatua chache tu ambazo hakuwa amezipiga siku nzima, akasimama mbele ya mzee Balzer, karibu kiasi cha kuona kwamba ile leso ya mama yake ilikuwa imekunjwa vizuri mfukoni mwa shati lake.

"Mjomba," alisema, na watu wote walisikia, "usiwauze ng'ombe. Jumamosi nitafungua kufuli la banda. Nitaung'oa mlango wa Riet kwenye bawaba zake, ule mweupe, na nitauleta hapa uwe geti. Wewe leta nguzo, na ile nyundo. Waya hautapita hapa tena. Geti likishasimama tutamwita mama Mengia apande aulize upya, na siku hiyo nitajibu pamoja na wewe. Nakuahidi."